Sekunde 14 au 52: kisa cha kutafuta kisagio cha espreso

"Shem, nimeuziwa mashine mbovu." Salamu zenyewe shemeji, mume wa dada yangu, hakuzimaliza. Mashine aliyokuwa akiilalamikia, ya kutengenezea espreso (ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inayokamuliwa kwa presha), ilikuwa na wiki sita jikoni mwake. Wiki nne za mwanzo ilimpa kahawa yenye povu zito la rangi ya asali, akawa anatutumia picha za vikombe kwenye kundi la familia kila asubuhi kama mtu aliyepata mtoto. Halafu akasikia kwamba chujio alilokuwa akilitumia ni la wanaoanza. Akalitoa, akaweka lile la pili lililokuja ndani ya boksi. Tangu siku hiyo picha zikakoma. Kahawa inamwagika kama bomba lililoachwa wazi, nyepesi, chachu, povu hakuna. Akisaga laini zaidi, haitoki: pampu inanguruma, linadondoka tone, baada ya muda linadondoka jingine, basi.

Dawa alishaijua: mashine kubwa zaidi. Alichokitaka kwangu hasa ni nimsaidie kumshawishi dada yangu, yaani mkewe, ambaye alikuwa ameshasema kwamba jikoni haingii mgeni mwingine mpaka huyu wa kwanza aeleweke. Nikamwambia mimi niko upande wa dada, na kwamba Jumamosi nitakuja na mizani.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeshakutana nacho kwa sura nyingi. Mtu anaweka pesa zake zote kwenye mashine inayong'aa, kisha kisagio anachukua chochote kile, au anabaki na cha zamani. Kahawa ikiharibika, anayeshtakiwa ni mashine. (Tusichanganyane: hapa "mashine" ni ile ya espreso, na "kisagio" ni ile ya kusagia.)

Tuanze na yale machujio mawili, maana ndiyo yaliyomchanganya shemeji. La kwanza lina sakafu mbili. Ya ndani ina matundu mengi kama chujio lolote, lakini ya nje ina tundu moja tu, dogo kama la sindano. Maji yakipita kwenye kahawa yanakwama hapo, presha inajengeka, na kinachotoka kinarushwa kupitia katundu hako kikiwa kimejaa viputo. Hata kahawa iliyosagwa mwezi uliopita itatoa povu. Yaani breki ni chujio, wala si kahawa. La pili lina sakafu moja, na hapo breki ni kahawa yenyewe: unga ulioshindiliwa ndio unaotakiwa kuyazuia maji. Unga ukiwa mkubwa, maji yanapita bila kubisha hodi. Ukiwa laini kupita kiasi, hayapiti.

Kwa hiyo mashine haikuharibika siku ile alipobadilisha chujio. Siku ile ndipo kisagio chake kilipofunuliwa shuka.

Kisagio chenyewe alikuwa nacho miaka mitatu, alikinunulia kahawa ya kuchuja. Kina meno ya chuma yenye umbo la koni na vituo 18: unazungusha, unasikia "tak", umefika kituo kingine. Kwa kahawa ya kuchuja kilikuwa kinafanya kazi vizuri tu. Kwa espreso ni vituo vitatu vya mwisho upande wa laini pekee vilivyokuwa na maana: cha 3, cha 2, na cha 1 ambacho ndicho laini kabisa.

Hiyo Jumamosi nilikuja na vitu viwili, mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya grama na pakiti ya kahawa iliyokaangwa siku kumi kabla. Pakiti niliyoikuta mezani haikuwa na tarehe ya kukaangwa na ilikuwa wazi kwa mwezi mzima. Hilo ni jambo la kwanza la kuondoa njiani. Kahawa iliyokaangwa karibuni bado imebeba gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo husaidia kuyazuia maji. Ikishatoka, kipimo kilekile kwenye kituo kilekile kitakimbia. Ukijaribu kukipima kisagio kwa kahawa iliyochoka, unampima mgonjwa homa kwa kipimajoto kilichovunjika.

Tukakubaliana kanuni: grama 18 za unga ndani, grama 36 za kahawa kikombeni, na saa inaanza pale pampu inapowaka. Lengo ni sekunde 25 hadi 30. Hizo namba si za msahafuni, ila zina mahali zilipotoka. Mashine za mkono wa springi za Mwitaliano Achille Gaggia, mwishoni mwa miaka ya 1940, ndizo zilizoanza kuisukuma kahawa kwa presha kubwa badala ya mvuke. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikaleta mashine ya E61 yenye pampu ya umeme, na presha ya takriban baa 9, yaani karibu mara tisa ya presha ya hewa ya kawaida, ikawa desturi hadi leo. (Zile baa 15 zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya mashine za nyumbani ni nguvu ya juu kabisa ya pampu pale maji yanapozibwa yasitoke. Kahawa haihitaji kuonja hata robo tatu ya hizo.) Baa 9 zikisukuma maji kupita kwenye tabaka la unga lenye unene wa sentimita moja na ushee, tofauti ndogo sana ya usagaji inageuka tofauti kubwa ya sekunde. Ndiyo maana kisagio kinachoridhisha kwa kahawa ya kuchuja kinaweza kuaibika hapa.

Kituo cha 3: sekunde 14. Tukarudia bila kugusa chochote: 15. Tena: 14.

Kituo cha 2: tone la kwanza lilionekana sekunde ya 19, na grama 36 zikatimia sekunde ya 52. Tukarudia: 55.

Kituo cha 1: hakuna kitu, pampu tu inalalamika.

Shemeji alikunja uso. "Sasa si unaona? Mbovu." Mimi nilikuwa nimefurahi, na sikuweza kuficha. Zile 14, 15, 14 zilikuwa habari njema. Kama zingetoka 14, 27, 18, tungekuwa na shida nyingine kabisa: meno yanayocheza kwenye mhimili wake, au mkono wa anayeshindilia, au unga uliokaa upande mmoja wa chujio na maji yakatoboa njia ya mkato. Hapa kisagio kilikuwa kinarudia jibu lake lilelile kila kinapoulizwa, na mashine ilikuwa inafanya kazi yake ileile kila mara. Tatizo ni kwamba jibu tulilolitaka, lile la sekunde 28, lilikuwa katikati ya "tak" mbili, na kisagio hakina mlango wa kuingilia hapo.

Haya ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kurudia, yaani ukikiuliza kisagio swali lilelile unapata jibu lilelile. Na kuna hatua, yaani hatua ndogo kabisa unayoweza kusogeza ni ndogo kiasi gani. Kisagio cha visu, kile kinachozungusha wembe kama blenda, kinashindwa yote mawili: kinakatakata punje ovyo, hakina nafasi maalumu kati ya jino na jino, na huwezi kukiambia "fanya kama jana". Kisagio cha shemeji kilishinda mtihani wa kwanza kikaanguka wa pili. Ukijua kimeanguka wapi, unajua cha kununua. Usipojua, utanunua kwa kufuata nyota za wateja.

Kabla ya kununua tulijaribu kukwepa. Unaweza kuziba pengo kwa kubadilisha uzito badala ya usagaji. Tukarudi kituo cha 3 tukaweka grama 20: sekunde 20, lakini unga ulijaa mpaka ukagusa wavu wa juu wa mashine, na tulipotoa chujio tukakuta alama ya skrubu imechorwa juu ya kahawa kama muhuri. Tukaenda kituo cha 2 kwa grama 16, tukapata sekunde 34. Kikombe hicho kilinyweka. Shemeji akaruka, "Si tumepata!"

Tumepata cha leo, nikamwambia. Kahawa ikizeeka siku nne, au pakiti ikibadilika, grama 16 zitakuwa hazitoshi na kituo cha 3 bado kiko mbali. Utakuwa unaongeza na kupunguza uzito kila asubuhi, na kila ukibadilisha uzito umebadilisha kinywaji.

Hapo akanitolea hoja ambayo sikuitegemea. Alikuwa amesikia utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Matter, wa kundi lililokuwemo mwanakemia Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Walionyesha kwamba kusaga laini sana hufika mahali kunageuka hasara: maji hayapiti sawasawa kwenye unga wote, sehemu nyingine inakamuliwa kupita kiasi na nyingine inaachwa, na vikombe vinatofautiana. Wakapendekeza kahawa kidogo zaidi iliyosagwa kubwa zaidi, mfano grama 15 badala ya 20. "Kwa hiyo hizo sekunde 14 zangu huenda ndizo sahihi," akasema, akinitazama kwa ushindi.

Hoja nzuri, na sehemu yake ni kweli: kikombe cha haraka si lazima kiwe kibaya. Lakini watafiti wale walichagua mahali pa kusimama baada ya kupita hatua nyingi ndogondogo za usagaji. Wewe hujachagua, umesukumwa. Tena ulimi ulikuwepo mezani kama shahidi. Kile kikombe cha sekunde 14 kilikuwa na uchachu mkali wa mbele usiofuatwa na kitu, na cha sekunde 52 kilikausha ulimi kama ganda la mti. Hakuna utafiti uliomlazimisha mtu kunywa hivyo.

Kulikuwa na ukwepaji mwingine, wa kufungua kisagio na kuweka vipande vyembamba vya bati chini ya meno ili vituo vyote visogee, na kimoja kiangukie pale kati. Wapo wanaofanya na wanafanikiwa. Sisi tungesogeza pengo tu, si kuliondoa. Pakiti inayofuata ingetukuta tena kwenye mlango uliofungwa. Tukaacha.

Nilichofanya badala yake ni kumwazima kisagio changu cha mkono kwa wiki moja. Hii ndiyo hatua ninayoiona ya maana kuliko zote katika kisa hiki, na ndiyo watu wanayoiruka. Kabla hujanunua kisagio kwa kudhani kwamba kisagio ndicho mwenye kosa, weka kizuri mbele ya mashine ileile uone. Changu kina meno ya koni ya chuma na vituo vingi vilivyobanana: kila "tak" inasogeza meno chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Kikombe cha kwanza kilipita sekunde 31. Tukafungua vituo viwili: 27. Ni mashine ileile "mbovu", kahawa ileile, mkono uleule. Mkia wa kahawa ulitoka mwembamba, mweusi kwanza, kisha wa rangi ya udongo mwekundu, ukipinda kidogo kama uzi unaovutwa. Shemeji hakusema kitu. Alichukua simu akapiga picha.

Mashine ikawa imeachiwa huru. Ikabaki kuchagua.

Mimi, kwa ushamba wangu wa kupenda vyangu, nilidhani kesi imekwisha: nunua cha mkono kama changu. Kwa kiasi kilekile cha pesa, cha mkono hukupa meno bora kuliko cha umeme, kwa sababu hulipii mota wala nyaya. Hakipigi kelele ya kuamsha mtoto. Lakini niliwaachia wiki nzima, na wiki nzima ni shahidi mkali. Ijumaa dada alinipigia. "Kaka, hiki ni kinu au ni adhabu?"

Hesabu yake ilikuwa hivi. Asubuhi nyumba ile inatoa vikombe vinne, viwili vyake vya maziwa na viwili vya shemeji vyeusi, vyote ndani ya dakika ishirini. Kusaga grama 18 kwa laini ya espreso kulimchukua dada karibu dakika moja na nusu ya kuzungusha, mara nne. Na dada ana kifundo cha mkono kinachomsumbua. Jioni anataka kikombe kimoja cha kahawa isiyo na kafeini, na kila akihama kutoka kahawa moja kwenda nyingine lazima abadilishe kituo, ahesabu "tak", akumbuke kurudisha. Shemeji hakuwa na shida na kisagio kile hata kidogo, na sababu ilijulikana haraka: muda mwingi anayesaga ni dada.

Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekisoma kisagio na sikuwa nimeisoma nyumba. Maswali yaliyobaki hayakuwa ya meno tena. Nani anasaga? Vikombe vingapi kwa mfululizo? Kahawa aina moja au mbili?

Hilo swali la mwisho ndilo lililokata vingi. Visagio vingi vya umeme vina chombo cha juu unachojaza kahawa ya siku kadhaa, unabonyeza, kinasaga kwa sekunde ulizoweka. Kwa mtu wa kahawa moja na vikombe vingi, ni raha. Vina tabia mbili lakini. Kwanza, vinapima kwa muda, si kwa uzito. Ukisaga laini zaidi, meno yanapitisha unga polepole, kwa hiyo muda uleule unakupa grama chache. Umebadilisha usagaji na kipimo kwa mkupuo mmoja bila kujua. Pili, kwenye njia ya unga hubaki mabaki ya jana, na kikombe cha kwanza cha asubuhi kina sehemu yake iliyolala humo. Kwa nyumba yenye kahawa mbili, ya asubuhi na isiyo na kafeini ya jioni, chombo cha juu kilikuwa hakina maana. Walihitaji kile cha kipimo kimoja kimoja: unapima punje kwenye mizani, unazimimina, zote zinatoka.

Hatua za meno: niliwaambia wachukue kisicho na vituo kabisa, kinachozunguka laini bila "tak", au chenye vituo vingi vya karibu sana. Kwa espreso pekee napenda kisicho na vituo. Ubaya wake ni kukumbuka ulipokuwa, hasa kwa nyumba inayohama mara mbili kwa siku. Kwa hiyo sharti langu lilikuwa kiwe na duara la namba lililo wazi, linaloonekana bila kuinama.

Halafu ubishi wa meno bapa na meno ya koni, ambao ungeweza kutula mwezi. Ya bapa ni sahani mbili zinazotazamana, punje zinaingia katikati na kutupwa nje pembeni. Ya koni ni koni ndani ya pete, punje zinashuka kwa uzito wake. Maneno unayoyasikia ni kwamba bapa hutenganisha ladha wazi zaidi, koni hutoa kahawa nzito zaidi mdomoni. Kwa uonjaji wangu kuna ukweli humo, ila mchongo wa meno na jinsi yalivyofungwa sambamba una uzito kuliko umbo. Meno bapa yaliyofungwa yakiwa yameinama hata kidogo ni mabaya kuliko koni ya kawaida iliyonyooka. Na tukumbuke kwamba hata kisagio bora hakitoi unga wa ukubwa mmoja. Kuna chembe za mikroni mia kadhaa (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kuna vumbi la chini ya mikroni 100, na vumbi hilo lina kazi kubwa katika kuyazuia maji. Kinachotakiwa ni mchanganyiko usiobadilika kutoka kikombe hadi kikombe.

Vikombe viwili kati ya vinne vya nyumba ile vinaishia kwenye maziwa, na kahawa wanayoipenda imekaangwa kuelekea weusi. Kwa kahawa kama hiyo sikuona sababu ya kulipia bapa kubwa. Mtu anayekunywa kahawa iliyokaangwa kidogo, anayetafuta harufu ya maua kikombeni, ningemshauri tofauti, na ningemwambia pia aangalie nguvu ya mota, kwa sababu punje hizo ni ngumu kama kokoto. Kwao koni ilitosha. Koni huweza kuzungushwa taratibu, na mwendo wa taratibu hupunguza kelele, jambo ambalo mtoto aliyelala chumba cha pili alikuwa na kura nalo.

Kuhusu chuma au kauri sikukawia. Kauri inakaa na makali muda mrefu lakini inavunjika ikikutana na kijiwe kilichojificha kwenye punje. Chuma.

Kwa hiyo wakanunua kisagio cha umeme, meno ya koni ya chuma, bila vituo, cha kipimo kimoja kimoja, chenye kifuniko cha mpira unachokibonyeza kupuliza mabaki. Mashine ilibaki ileile.

Wiki ya kwanza haikuwa ya harusi. Siku ya pili shemeji alinipigia tena, sauti ileile. Kisagio kimekwama, mota inavuma haizunguki. Nikamwuliza alifanya nini. Alikuwa amemimina punje kwanza, kisha akasogeza meno kwenda laini wakati mota imezimwa. Punje zilizokuwa katikati ya meno zikabanwa. Kwenda laini, mota iwe inazunguka, au kisagio kiwe kitupu. Ilibidi wafungue, watoe, wapige brashi. Walipofunga tena namba zote zilikuwa zimehama, kwa sababu pete ya juu haikurudi kwenye uzi uleule. Tukatafuta sifuri upya: kisagio kitupu, unazungusha taratibu kwenda laini mpaka usikie meno yanagusana kwa mkwaruzo mwepesi, unarudi nyuma papo hapo, unaweka alama ya penseli.

Kisha ikaja habari ya unga kuruka. Kikombe cha kupokelea kilikuwa kinapakwa unga kila upande, mwingine unashika mpaka kwenye mkono wa dada kama umeitwa. Ni umeme tuli, punje zinaposuguana na kuvunjika. Tiba ni ya ajabu kwa urahisi wake: lowesha kijiti au mpini wa kijiko, zikoroge punje mara moja kabla ya kusaga. Ni tone moja au mawili. Mwaka 2023 Hendon, pamoja na Joshua Méndez Harper na wenzao, walichapisha kazi inayoonyesha kwamba unyevu wa ndani ya punje ndio unaotawala umeme huo, na kwamba kuongeza maji kidogo kunaupunguza pamoja na kupunguza mabonge ya unga. Kwa mizani ya dada: bila maji, grama 18.0 ziliingia zikatoka 17.4. Kwa tone la maji, zilitoka 17.9.

Jambo lililowachukua muda kulielewa lilikuwa la kuhama kati ya kahawa mbili. Grama zinazoingia na zinazotoka zikilingana haimaanishi ni kahawa ileile. Chembe za zamani zilizojificha hutoka, mpya zinachukua nafasi yao. Kikombe cha kwanza baada ya kubadilisha namba kilikuwa kinadanganya, nao wakawa wanasogeza meno tena kukifuata, kisha cha pili kinakwenda kupita kiasi. Sasa kila wakihama wanasaga punje za grama mbili na kuzitupa, ndipo wanapima. Dada alinung'unika kuhusu upotevu huo. Nilimkumbusha vikombe vizima vilivyokuwa vinamwagwa sinki kabla ya hapo, akanyamaza, lakini si kwa kuridhika.

Na meno mapya yalikuwa yanahama yenyewe. Kahawa iliyopita sekunde 28 Jumatatu ilipita 23 Alhamisi bila mtu kugusa kitu. Sehemu ilikuwa kahawa kuzeeka, sehemu ilikuwa meno kupoteza ukali wa kiwandani. Baada ya kilo kadhaa yalitulia. Nisingemshauri mtu auhukumu ununuzi wake kabla ya hapo.

Nilipowatembelea mara ya mwisho asubuhi ilikuwa hivi: grama 18 ndani, 36 nje, sekunde 27, kisha 28, kisha 28, kisha 26. Ya jioni, isiyo na kafeini, inapita haraka kuliko ya asubuhi, kwa hiyo inasagwa laini zaidi. Kelele bado ipo, sitaificha. Wamekiweka juu ya kipande cha mpira mnene na mlio umeshuka, lakini mtoto akiwa na usingizi mwepesi shemeji husaga usiku na kufunika. Nilimwambia anapoteza harufu. Akasema anapata usingizi.

Kile kisagio cha zamani hakikutupwa. Kimerudi kwenye kazi yake ya kahawa ya kuchuja, kituo cha 11. Na ndani ya mlango wa kabati dada amebandika karatasi yenye mistari miwili kwa mwandiko wake: asubuhi 14, jioni 12 na nusu. Ile "na nusu" ameipigia mstari.